Anaimba Tangu Alfajiri, Kiota Hajui Kilipo

Mume wangu anafanya kazi mgodini, Kanda ya Ziwa. Mimi niko Dar na mtoto wetu wa miaka miwili. Kila baada ya wiki sita anakuja nyumbani, katikati hapo ni simu tu: "Nakupenda, nimekumisi, lala salama." Wenzangu mlio na wapenzi wa mbali mnanielewa.

Basi alipopata semina San José, Costa Rica, nikavunja kibubu, nikamwacha Imani kwa bibi yake Tanga, nikamfuata. Semina ilipoisha tulikuwa na siku tatu za kuzungumza mambo yetu. Mbili zikapita kimya kimya.

Siku ya tatu tukakodi gari kwenda La Selva, kituo cha utafiti kilichoko Sarapiquí, mwendo wa kama saa mbili. Ni msitu wa hekta 1,600 hivi, na kwa mwaka hunyesha mvua ya takriban mita nne. Ukienda, acha viatu vya mtoko hotelini! Unavuka mto kwa daraja la kuning'inia, halafu unaingia kwenye giza la miti na maua mekundu ya helikonia, mimea inayofanana kabisa na migomba.

Tulikwenda kumwona ndege mvumaji. Huku kwetu tuna chozi, naye hunywa asali ya maua, lakini si ndugu wa karibu. Wavumaji wako bara la Amerika peke yake. Huyu wa msituni ana mdomo mrefu uliopinda, mkia wenye manyoya mawili meupe, na uzito wa gramu 6 tu. Wenyeji humwita ermitaño, yaani mtawa. Utawa wenyewe sasa!

Muongozaji alituonyesha kichaka ambapo madume hukusanyika. Kila mmoja ana kijiti chake. Anatikisa mkia na kurudia sauti ileile moja, tangu alfajiri, kwa miezi kadhaa ya mwaka. Mwaka 2015 watafiti Alejandro Rico-Guevara na Marcelo Araya-Salas walieleza kuwa ncha ya mdomo wa dume mzima ni ndefu na kali kuliko ya jike, na hutumika kama kisu wanapogombea nafasi. Yote hayo ili jike apite, achague.

"Na kiota je?" niliuliza.

Akatupeleka mbele kidogo. Chini ya ncha ya jani la mmea wa jamii ya minazi kulikuwa na kikombe kidogo cha nyuzi, kimeshikizwa kwa utando wa buibui. Jani lenyewe ndilo paa. Jike hujenga peke yake, hutaga mayai mawili, huatamia zaidi ya wiki mbili, kisha hulisha makinda zaidi ya wiki tatu. Dume hana habari. Yuko kichakani anaimba.

Jamani, nilihisi machozi. Nilikumbuka usiku ambao Imani alipata degedege nikakimbia naye hospitali na bajaji, simu ikaita: "Nakupenda, mke wangu."

Tulipofika darajani mume wangu akasimama. "Mama Imani, yule dume ni mimi?"

"Hapana, Baba Imani. Yule hakumwahidi jike kitu. Wewe uliniahidi."

Hakujibu. Lakini safari hii kimya chake kilikuwa cha mtu anayesikia. Usiku ule tulizungumza hadi saa tisa.

Bado yuko mgodini, barua ya uhamisho haijajibiwa. Ila sasa simu inaanza na "Mtoto amekula nini? Kliniki ni lini?" Likizo yake iliyopita alimpeleka mwenyewe, mimi nikalala.

"Nakupenda" bado naipenda, nisiwadanganye. Na wewe msomaji, mwenzako akiimba, kiota anakijua kilipo?