Meno ya mbwa nayo yanataka subira

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaomba tuongee juu ya meno ya mbwa. Najua wapo watakaocheka: mtoto wa kwangu tu namkimbiza kila asubuhi apige mswaki, sasa na mbwa tena? Chekeni kidogo, halafu tuendelee.

Kwenye zoni yetu kuna bibi anayelea wajukuu wawili, wanafunzi wetu. Mlinzi wao wa usiku ni mbwa, anaitwa Simba. Siku moja Simba akaacha kula, mate yakawa yanamchuruzika. Vijana wakashika fimbo: "Huyo ana kichaa, auawe!" Hatukuwalaumu, maana kichaa cha mbwa kinaua kweli. Tuliomba kitu kimoja tu: afungwe peke yake, mtu asimsogelee, aitwe bwana mifugo.

Bwana mifugo akaangalia kadi ya chanjo, akamchunguza kwa siku kadhaa bila kumgusa. Kumbe ni jino! Limeoza, na ukoga umeganda mpaka kwenye fizi. Akamchoma sindano ya usingizi, akaling'oa. Simba akarudi kazini.

Tulijifunza kwamba mbwa mzima ana meno 42. Uchafu laini usipofutwa, baada ya siku chache unakuwa mgumu kama jiwe, na hapo kitambaa hakiutoi tena. Fizi zinavimba, mdomo unanuka, mnyama anaumwa na hana wa kumwambia.

Baada ya kidonda kupona, kazi ikawa kumsafisha. Simba hataki! Ukigusa mdomo anageuza kichwa, anaguna. Kumshika kwa nguvu hakufai, atakuuma, na kesho atakukimbia. Basi tulikwenda naye hivi, bibi mwenyewe akitangulia kwa kuwa ndiye anayeaminiwa:

Wiki ya kwanza, kumpapasa mashavu tu, halafu kipande cha ugali. Wiki ya pili, kuinua mdomo kidogo, kuhesabu mpaka tatu, kuachia, ugali tena. Wiki ya tatu, kitambaa safi chenye maji, kimezungushwa kidoleni, kufuta meno mawili matatu upande wa nje. Akiguna, tunaacha mpaka kesho. Sasa anakaa mwenyewe akisubiri ugali wake. Vizuri ni kufuta kila siku, hasa magego ya juu, ndiko ukoga unakopenda kukaa.

Angalieni sana mambo haya:

Msitumie dawa ya meno ya watu. Mbwa hajui kutema, anameza, na nyingine zina vitu ambavyo kwake ni sumu.

Msimpe mifupa iliyopikwa. Inapasuka vipande vikali vinavyochoma koo na matumbo.

Watoto wasitie mkono mdomoni mwa mbwa, hata wa nyumbani. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, na kwa mbwa aliyechanjwa tu. Mbwa anayetoka mate na kubadilika tabia, kaeni mbali naye na mtoe taarifa.

Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na uende zahanati siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama utaumwa, maana kichaa kikishaonyesha dalili ni vigumu sana mtu kupona.

Ndugu zetu, wengi wetu tuliacha mbwa wetu nyumbani siku ile ya kukimbia, na mpaka leo watoto wanawauliza. Hawa tulio nao hapa wanalala mlangoni ili sisi tulale ndani. Siku ya chanjo ikitangazwa, wafungeni kamba mwalete. Halafu jioni, anzeni na mashavu.