Wimbo wa Taifa Ulianzia Mgongoni mwa Mama

Msafiri anayetoka Malindi kwenda Lamu huuvuka Mto Tana karibu na mji wa Garsen. Huu ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Kandokando yake Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe, nao Waorma hunywesha ng'ombe wao.

Msomaji, hata kama hujafika huku, sauti ya watu wa mto huu unaijua tangu ulipoanza shule. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walipewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa. Waliuchukua mdundo wa wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwaimbia watoto wao walale. Aliyewapa ni Mzee Meza Galana, naye Mpokomo.

Tangu hapo wimbo huo umepigwa kwa tarumbeta, umenaswa kwenye sahani za santuri, kanda na sasa simu. Hilo ni jambo jema. Bila hayo, mwanafunzi wa Kisumu au Nyeri angeujulia wapi?

Hata hivyo, kanda ina upungufu mmoja: haijui kama mtoto amelala. Huimba kwa mwendo ule ule na kukoma pale pale. Mama hafanyi hivyo. Mtoto akilia, huongeza sauti, akitulia, huishusha, akisinzia, hurudia maneno machache polepole. Mtoto aliye mgongoni hausikii wimbo kwa masikio tu, bali pia kwa mtetemo wa mwili wa mamaye. Ndiyo maana huko Ulaya, mtu mwenye rekodi zote za Beethoven bado hununua tiketi akaketi mbele ya wapigaji.

Wapokomo wanaujua vyema uchungu wa kitu kilichohifadhiwa bila kusikika. Ngoma yao takatifu, ngadji, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902 na kuishia katika makumbusho ya British Museum, London. Ipo salama, lakini haivumi.

Je, nyimbo zetu za kubembeleza nazo ziende njia hiyo? Siku hizi katika nyumba nyingi za mjini, mtoto akilia hupewa simu. Mwishowe wimbo utabaki ndani ya chombo, na hapatakuwa na mtu wa kuuimba.

Basi mkipita Garsen, msinunue maembe tu na kuondoka. Waombeni akina mama kwa adabu wawaimbie. Na nyumbani, usiku wa leo, zimeni redio. Mtoto hatajali kama sauti ya baba imekwaruza au nyanya amesahau beti. Atalala.