Subira Haikatazi Ganzi

Kila Ijumaa, baada ya Swala, huwa tunasoma majina ya wagonjwa wa mtaa wetu na kuwausia subira. Hatukujua kuwa tunausia nusu ya jambo, mpaka mama yetu mzazi alipotolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe.

Alipasuliwa kwa matundu madogo manne, nasi tukadhani matundu madogo ni maumivu madogo. Usiku ule hakukohoa, hakujigeuza, wala hakuthubutu kuvuta pumzi ndani. Kila muuguzi alipomjulia hali alijibu, “Alhamdulillahi.” Aliona kulalamika ni upungufu wa imani, nasi wanawe tukamsifu.

Asubuhi daktari wa usingizi alitukalisha. Asiyepumua vizuri kwa maumivu, alisema, hukaribisha nimonia. Asiyetembea hukaribisha damu kuganda miguuni. Kisha akatueleza ganzi za sehemu, zinazodungwa kwa kuongozwa na ultrasaundi.

Ya kwanza huwekwa ubavuni, baina ya tabaka za misuli ya tumbo. Hutuliza maumivu ya matundu, lakini ya ndani hubaki. Ya pili huwekwa nyuma zaidi, kiunoni. Ya tatu, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, huwekwa mgongoni, kando ya uti. Hizi mbili hutarajiwa kufika hata kwenye maumivu ya ndani, ila dawa haisambai sawasawa kwa kila mtu. Zote hudumu kwa saa kadhaa, hivyo vidonge vya maumivu haviachwi. Na maumivu ya bega, yaletwayo na gesi inayopulizwa tumboni, hupitia mshipa mwingine wa fahamu. Pasipo na mashine, hata ganzi anayodunga mpasuaji kwenye matundu yenyewe husaidia.

“Mliuliza lolote kabla ya upasuaji?” alituuliza. Tuliinamisha vichwa.

Nabii Ayyub (a.s.) alimlilia Mola wake kwa madhara yaliyompata, na bado Mola akamwita mwenye subira. Mtume wetu (s.a.w.) naye alituhimiza kutafuta dawa. Basi kusema “naumia” hakuivunji subira.

Mama amepona, alhamdulillahi. Siku hizi, tukishasoma majina ya wagonjwa, tunaongeza neno kwa jamaa zao: kabla ya upasuaji, muulizeni daktari wa usingizi mgonjwa wenu atatulizwa vipi akizinduka.