Nusu ya Diski Haina Herufi

Busia ni mji mmoja. Huku Busia, kule Busia, katikati geti na malori. Wasamia wako pande zote mbili, kama Wateso walivyo huku na kule pale Malaba. Hadi 1902 hata hapa ninapoandikia palikuwa Uganda. Waingereza wakakata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakaupachika upande wa Kenya, na watu wakaamkia boma zao zilezile. Kilichohama ni mstari.

Mteja wa saiba akiniuliza tofauti ya diski na volyumu, naanzia hapo. Diski ni kile kitu unachoweza kushika mkononi. C: na D: ni mistari tu, imeandikwa kwa jedwali dogo ndani ya diski hiyo hiyo. Mstari unaweza kufutwa, au volyumu ikanyang'anywa herufi yake, na faili zisiguswe hata moja. Wengi huniangalia tu, kama vile nawauzia kitu.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Sofia, ule mtaa wa upande wa Uganda, laptopu ameifunga kwa leso. Marehemu mume wake alikuwa Mkenya, na alikuwa ameskani kila kitu: cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha ndoa, za watoto. Karatasi zenyewe zililiwa na mchwa. Sasa kijana wao amefika 18, anataka kitambulisho cha Kenya, na huku mpakani unajua maswali: baba yako ni nani, alizaliwa wapi, onyesha. Fundi mwingine alikuwa ameweka Windows mpya, kisha akasema D: imekufa, wafomati yote waanze upya.

"Kijana wangu, niambie tu kama zimeenda."

Nilifungua kile kidirisha cheusi nikaandika:

wmic logicaldisk get name,volumename,filesystem,size,freespace

Ikaja C: peke yake, NTFS, ukubwa wa tarakimu kumi na mbili bila hata koma. (Microsoft wanaistaafisha hiyo wmic. Kwa mashine mpya ingia PowerShell uandike Get-Volume. Mimi vidole vimezoea.) Ukigawanya hizo baiti kwa 1024 mara tatu unapata kama GB 249. Nikaingia diskpart, nikaandika list disk. Diski nzima: GB 465, ambayo ndiyo ile dukani huitwa 500.

Sasa hizo zingine, zaidi ya 200, ziko wapi?

Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia kufomati, na mimi huwa inaniudhi, kwa sababu jibu liko amri moja mbele. Ile wmic huhesabu zenye herufi. Volyumu isiyo na herufi haiko kwa orodha yake, hata kama imejaa maisha ya mtu. Nikaandika list volume. Mstari wa nne: kwenye nafasi ya herufi, hakuna kitu. Jina, FAMILIA. NTFS. GB 215. Healthy.

Mama hakujua hiyo Healthy inamaanisha nini, lakini jina alilisoma. Akaketi.

"Hiyo ni yeye aliandika," akasema.

Zilibaki amri mbili, select volume 3, halafu assign letter. Nikamuuliza tuipe herufi gani.

"Ikipewa nyingine, itakuwa ileile?"

"Ileile, mama."

"Basi weka S."

Kabla ya kufungua chochote nilinakili foldari zote kwa flashi mbili, moja yake, moja ya mtoto. Kisha tukachapisha kurasa sita. Alilipa kwa shilingi za Uganda, nikamrudishia chenji ya Kenya, akafunga laptopu kwa leso akaelekea getini.