Usizibe Ufa Kabla Haujashuhudiwa

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Picha ulizonitumia nimezitazama moja moja. Nimeuona ufa unaotoka kona ya dirisha la sebuleni na kushuka mshazari hadi kwenye msingi, sakafu ya jikoni iliyotitia, na ukuta wa bafuni usiokauka. Hasira yako naielewa: nyumba haijafikisha miaka miwili, fundi hapokei simu, na sasa unataka kumfuata kwake na vijana wa mtaa. Usiende. Nimesimamia ujenzi miaka mingi, na nimeona wenye nyumba wengi wakipoteza haki yao kwa ghadhabu, au kwa haraka ya kupiga lipu mpya.

Kwanza, uhai. Kagua kama milango imeanza kugoma kufunga, kama lenta imepinda, kama ukuta umeegemea upande. Ukiona dalili hizo, wahamishe watoto wasilale chumba hicho, halafu mengine yafuate. Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 tukazika tena watu baada ya jengo kuanguka Kariakoo. Nyumba yako ni ya chini, lakini ukuta wa tofali ukimwangukia mtoto hauna huruma.

Pili, ushahidi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nakuomba usiuzibe mpaka umeshuhudiwa. Upige picha ukiwa na rula pembeni. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe, kisha urudie kila baada ya wiki mbili. Ufa mwembamba wa lipu pekee hubaki pale pale. Unaokata tofali na kuendelea kurefuka unakuambia kwamba chini kuna jambo. Kusanya ramani, kibali cha ujenzi, risiti za saruji na nondo, na ujumbe wa simu wa kila malipo uliyompa. Mwite mjumbe wa mtaa wenu aje aone kwa macho yake.

Tatu, tafuta chanzo kabla ya kutafuta mkosaji. Mlipe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akague na kuandika ripoti. Huenda ni udongo wa mfinyanzi, unaovimba masika na kunywea kiangazi. Huenda kifusi cha chini ya sakafu hakikushindiliwa, au lenta haikuingia vya kutosha ukutani, au tofali zilifyatuliwa kwa saruji haba na kunyimwa maji siku za mwanzo. Kwa ninyi mlio karibu na bahari, mchanga wenye chumvi huozesha nondo ndani ya zege. Hakimu hatatosheka na neno lako kwamba fundi ni mbovu. Atataka kujua nini kilifanyika kinyume na makubaliano, na hasara ni kiasi gani. Nawe uwe mkweli kwa mhandisi. Kama vifaa ulinunua mwenyewe na fundi alitoa ufundi tu, au kama wewe ndiye uliyesema nondo zipunguzwe, hilo litajitokeza, na ni heri litoke kinywani mwako.

Nne, sheria. Umesema huna mkataba wa maandishi. Usikate tamaa, kwa kuwa makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, ila kuyathibitisha ndiko kugumu. Ndiyo maana nimekazania zile jumbe za simu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa haki ya fidia aliyeumizwa na mkataba kuvunjwa, kwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Inatazama pia kama ulichukua hatua za kupunguza hasara. Basi kama kuna bomba linalovuja kwenye ule ukuta wa bafuni, lirekebishwe mara tu baada ya picha, na risiti itunzwe. Muda nao una mpaka: dai la mkataba ni miaka 6, na dai la madhara ya uzembe nje ya mkataba ni miaka 3. Ahadi za "nitakuja wiki ijayo" zisikulaze usingizi.

Sasa hatua zenyewe. Mwandikie barua ya madai, utaje kasoro moja moja, uambatanishe ripoti, umpe siku 14 aje kurekebisha. Baki na nakala aliyosaini kupokea. Akija, mketi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwandike mtakachokubaliana, na mashahidi watie saini. Kama kazi ilifanywa na kampuni, peleka malalamiko Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yenye mamlaka ya kumwadhibu mkandarasi hata kumfutia usajili. Lakini bodi haitakujengea ukuta. Fidia utaidai mahakamani, au kwa msuluhishi mkikubaliana hivyo kwa maandishi. Polisi usiwasumbue kwa kazi mbovu, hayo ni madai. Isipokuwa kama alichukua fedha za vifaa kwa udanganyifu akatoweka nazo, hapo pana jinai. Wakili akikushinda bei, uliza wasaidizi wa kisheria wilayani kwenu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua.

Kabla ya kushtaki, jiulize fundi huyu ana nini. Hukumu dhidi ya mtu asiye na mali hubaki karatasi. Akikubali kurudia kazi kwa jasho lake, wewe ukanunua vifaa na mhandisi akasimamia, huenda ukapata nyumba nzima mapema kuliko kupitia kesi. Huo si unyonge.

Na kile chumba unachotaka kuongeza, usianze bila maandishi. Taja vipimo vya nondo na uwiano wa zege, lipa kwa hatua iliyokaguliwa, na zuia sehemu ya malipo hadi kipindi cha matazamio kiishe, walau masika moja ipite juu ya paa. Fundi mwaminifu hataogopa sharti hilo.

Leo hii toka na penseli na simu, uanze na ule ufa wa sebuleni. Kisha mtafute mhandisi wiki hii, na nakala ya ripoti yake uniletee niisome kabla hujamwandikia fundi. Mungu akulindie nyumba na waliomo.

Ni mimi mjomba wako.