Nilimwita mdogo wangu muongo, kumbe kichwa kilikuwa kinamuuma kweli

Najua mmezoea mkifungua hapa mnakuta nani kaachana na nani na nani kavuta ndinga mpya. Leo umbea tuuweke pembeni kidogo, kuna jambo limenikaa rohoni. Linamhusu mdogo wangu wa kiume, jina kapuni, maana na yeye ni msomaji wangu.

Dogo ana miaka 12, yuko darasa la saba, mtihani wa taifa ni mwezi wa tisa. Tunaishi Mbagala na bi mkubwa wetu ambaye ni mama ntilie. Mwezi wa pili dogo akaanza: "Dada, kichwa kinaniuma." Leo kinauma, kesho mzima anacheza mpira, keshokutwa kinauma tena. Wiki haipiti.

Si unajua mtaani kwetu mtoto akisema kichwa jibu ni malaria. Tukapima, hakuna. Wakasema taifodi, akameza dawa. Wakasema UTI, akameza nyingine. Jirani akasema ni macho, bi mkubwa akavunja kibubu, dogo akavishwa miwani. Wiki mbili tu, kichwa kikarudi, safari hii kimevaa miwani! Mwingine akatuambia mtoto kachezewa. Hapo kati duka la dawa ndio lilikuwa hospitali yetu, panadoli karibu kila siku.

Sasa mimi nikaja na uchunguzi wangu. Nikaona kichwa kinauma siku za shule, Jumapili mara nyingi mzima. Nikasema nimempata! Nikamwambia bi mkubwa, "Mama, huyu anaigiza, anakwepa shule na tuisheni. Na simu yangu anayochezea gemu, simpi tena." Bi mkubwa akaniamini mimi, dada mtu niliyemaliza kidato cha nne.

Jumanne moja dogo kaamka anasema hajisikii vizuri. Nikamtoa kitandani mwenyewe, "Twende shule, muongo wewe." Mchana mwalimu akapiga simu. Dogo kajifungia chooni, katapika, hataki mtu awashe taa wala aongee karibu yake. Nilipofika nikamkuta amejikunyata, kafunika uso kwa sweta. Akaniangalia akasema, "Dada, si nilikwambia." Aisee. Hayo maneno bado nayasikia.

Kesho yake tukaenda hospitali, mimi, dogo na bi mkubwa. Nilienda na hela ya kukopa nikijua tutaambiwa picha ya kichwa. Kila nikiwaza, nawaza uvimbe kwenye ubongo.

Daktari alikuwa mama mtu mzima. Tukamwamkia, na mimi nikaanza kueleza fasta fasta. Akanikatisha kwa upole, "Subiri mwanangu, nataka anieleze mwenye kichwa." Wadau, miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemuuliza dogo zaidi ya "bado kinauma?"

Akamuuliza, kinauma wapi? Dogo akapitisha mkono kwenye paji lote la uso. Kinaumaje? "Kama kinagonga ngoma." Kinakaa muda gani? Masaa, akilala kinaisha. Unasikia kichefuchefu? Ndiyo. Mwanga? Unaumiza. Kelele? Zinaumiza. Kimewahi kukuamsha usiku? Hapana. Unalala saa ngapi, unakula nini asubuhi? Hapo dogo akanyamaza.

Kumbe bi mkubwa anatoka saa 10 alfajiri kwenda kupika, anamwachia jero ya chai. Dogo anatoka saa 11 na nusu bila kula, na ile jero analipia tuisheni ya jioni, maana alijua mama yake hana ya kuongeza. Anakaa hivyo mpaka mchana, maji yenyewe kwa shida, usiku anasoma mpaka saa 5. Jumapili ndio analala na kula vizuri. Ule ushahidi wangu wa uongo, kumbe ndio ulikuwa jibu lenyewe.

Daktari akauliza tena, "Nani mwingine nyumbani anaumwa kichwa cha namna hii?" Kimya. Halafu bi mkubwa akasema taratibu, "Mimi, tangu msichana. Nafunga kichwa na kanga nalala gizani. Nilijua ni presha."

Akampima dogo vizuri: presha, shingo, nguvu za mikono na miguu, akamtembeza kwenye mstari mnyoofu, akamgonga magoti, akamchungulia nyuma ya macho kwa kifaa chenye mwanga. Akasema hiki ni kipandauso. Mimi nikabisha, si kinauma upande mmoja? Akacheka. Akasema kwa watoto mara nyingi kinauma pande zote mbili, na kinaweza kuisha ndani ya masaa machache, ndio maana watu wanadhani wanadanganya. Pia kinatembea kwenye ukoo.

"Na picha ya kichwa, dokta?" Akasema hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha kipandauso. Kinajulikana kwa maelezo ya mtoto na kwa kumpima mwili. Maelezo yakikaa sawa na vipimo vya mwili vikiwa safi, picha mara nyingi haihitajiki.

Ila alitutajia dalili ambazo ukiziona hakuna kusubiri, mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo:
- Kichwa kinamwamsha usingizini, au kila asubuhi anaamka nacho na kutapika
- Kinazidi siku hadi siku, au kimekuja ghafla kikali kuliko vyote
- Anaona vitu viwili viwili, anayumba, au upande mmoja wa mwili umelegea
- Degedege, au kuchanganyikiwa
- Homa na shingo kukakamaa
- Kimeanza baada ya kuanguka au kugongwa kichwa

Kuhusu panadoli, hapo alitusema. Dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, mfululizo kwa miezi, zenyewe zinaanza kuleta maumivu ya kichwa. Ameze mapema kichwa kinapoanza, kipimo kulingana na uzito wake, halafu alale. Sio kila siku. Na aspirini mtoto asipewe kienyeji.

Akatupa kazi ya daftari. Kila kichwa kikiuma dogo anaandika tarehe, saa, alikula nini, alilala saa ngapi, kimekaa muda gani, kameza nini. Mwezi wa kwanza mara saba. Wa pili, mara tatu. Hakijaisha, naomba nisiwadanganye. Ila sasa anakunywa chai na viazi kabla ya kutoka, ana chupa ya maji, saa 3 na nusu taa imezimwa, na hela ya tuisheni natoa mimi kwenye hiki kiblogu changu. Mwalimu wake anajua, kikianza anamwacha alale nyuma ya darasa.

Jioni moja nilimuomba msamaha. Akaniangalia akasema, "Basi nirudishie gemu." Nikampa simu, nusu saa tu.

Wewe mwenye mdogo wako, mtoto wako au wa dada yako anayelalamika kichwa kila siku, kabla hujamwita muongo kaa naye chini umuulize kinauma wapi, kinaumaje, saa ngapi, na umekula nini leo. Halafu mpeleke akapimwe.

Nyie mlioumwa vichwa utotoni mkaambiwa mnaigiza, tupieni story zenu hapo chini. Dogo atazisoma.