Winchi ya baba mdogo

Niko Kilosa, BTP imenibana, ndo maana kimya.

Baba mdogo kaifungia Suzuki Jimny yake winchi ya umeme, gereji moja pale Mikumi. Mama mdogo ni muuguzi wa zahanati kijijini, na masika udongo wa mbuga unameza tairi. Mjamzito hangoji njia ikauke. (Wanaokumbuka Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko yalipobomoa hadi reli, wanayajua maji ya Kilosa.)

Fundi kaanza na hesabu: gari ni tani moja na kidogo, winchi ivute walau mara moja na nusu ya uzito wake na mzigo. Ukizidisha sana, pua inainama. Bampa ya plastiki haibebi kitu, bamba la chuma linafungwa kwenye chasisi. Nyaya nene moja kwa moja hadi betri, maana ikivuta kwa nguvu zote inakula ampea mia kadhaa. Injini isizimwe!

Ila utamu jamani ni fizikia. Kamba ikibaki mizunguko michache kwenye ngoma, ndipo inavuta kwa nguvu zaidi. Ukipitisha kamba kwenye puli iliyofungwa mtini na kuirudisha garini, nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unapungua nusu. Jumatatu Form Two wangu wanakula mashine rahisi kwa mfano huo.

Ubishi umebaki kwenye blanketi zito la kutandika juu ya kamba ya chuma, ikikatika isichape mtu. Baba mdogo anasema mbwembwe. Mama mdogo kashalitupia ndani ya gari.